Kipimo Kikinyamaza, Kimesema Nini?

Mwaka 1988 kundi la wanasayansi lilipanda Mlima Elgon na kuingia pango la Kitum, upande wa Endebess, si mbali na mji wa Kitale. Waliingia wamevaa mavazi ya kujikinga toka utosini hadi unyayoni, wakapanga ndani ya giza vizimba vya tumbili na simbilisi, wakanasa popo, wakakusanya wadudu kwa maelfu. Walikuwa wakisaka virusi vya Marburg, na walikuwa na haki ya kuvisaka pale. Januari 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua baada ya kulizuru pango hilo, akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa na akanusurika kwa tundu la sindano. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmarki mwenye umri wa miaka 15 naye aliingia Kitum, na siku chache baadaye akashikwa na ugonjwa ule ule, akafa. Watu wawili, pango moja, na ugonjwa adimu kiasi kwamba dunia nzima ilikuwa haijauona zaidi ya mara chache tangu uzuke Ujerumani na Yugoslavia mwaka 1967, ulipowapata watu 31 na kuwaua 7 baada ya tumbili kusafirishwa kutoka Uganda hadi kwenye maabara za Ulaya. Hata hivyo tumbili na simbilisi wa Kitum hawakuugua. Vipimo vya wadudu na popo havikuonyesha kitu. Wanasayansi wakafunga mizigo yao wakaondoka mikono mitupu.

Ukimya ule ulikuwa na maana gani? Mtu angeweza kusema umelisafisha jina la pango: limepekuliwa, hakuna kitu, basi tutafute kwingine. Mwingine angesema haukubadilisha lolote. Mimi naona wote wawili wameruka hatua moja, na hatua hiyo hiyo hurukwa kila siku katika taarifa za serikali zetu, katika ripoti za wafadhili, na sisi wa magazeti hatujambo katika kuiruka. Kipimo kisipoonyesha kitu, hatujui kimesema nini mpaka tujue kama kingeweza kuonyesha kitu hicho endapo kingekuwapo. Hilo linahusu fedha za umma, afya ya watoto na mahindi yaliyoko shambani, na ndiyo maana nimeliandika hapa badala ya kuwaachia wanafalsafa.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa kampuni ya simu nchini Marekani, aliipa habari maana inayopimika. Kwa lugha nyepesi, habari ni kiasi ambacho shaka yako imepungua baada ya kupokea ujumbe. Ujumbe ambao ungekufikia vile vile, liwe jambo limetokea au halijatokea, haujakupunguzia shaka hata chembe, hata kama umefika umepigwa muhuri na kutiwa sahihi. Ukitega kipimo cha mvua chini ya mwembe kisha asubuhi ukikute kikavu, umejifunza kuhusu mwembe, hujajifunza kuhusu mvua. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila matokeo matupu ni la upana wa njia: kati ya kile tunachokitafuta na jicho letu, kuna njia gani, na inaweza kupitisha kiasi gani?

Tukirudi Kitum na swali hilo mkononi, mambo yanajipanga upya. Mwaka 2007 wachimba migodi waliambukizwa Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Watafiti walifika wakakamata popo wala matunda wa aina ya Rousettus aegyptiacus, wale wale wanaojaa katika mapango ya Elgon, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba wamevipata virusi vikiwa hai ndani ya popo waliokuwa wazima kabisa. Lakini popo walioambukizwa walikuwa takriban watano tu katika kila mia. Kazi iliyofuata ilionyesha zaidi: maambukizi hupanda kwa msimu, mara mbili kwa mwaka, wakati popo wachanga wanapofika umri wa miezi sita hivi. Ukienda nje ya msimu, ukakamata popo wachache, ukaacha wanyama wako pangoni kwa muda mfupi, unaweza kurudi mikono mitupu kutoka pango lililosheheni virusi. Upekuzi wa 1988 ulikuwa kipimo chini ya mwembe, ingawa hakuna aliyeweza kujua hivyo siku ile. Na katika sampuli zilizochukuliwa Kitum mwaka 2007, popo mmoja alikutwa na chembe za urithi za virusi vya Marburg. Mmoja tu, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wale wote waliokutwa bila kitu, kwa kuwa si rahisi popo asiye na virusi kubeba maandishi ya virusi.

Neno maandishi silitumii kwa mapambo. Mwanafalsafa Wesley Salmon alishikilia kwamba kinachotofautisha sababu ya kweli na mfuatano mtupu wa matukio ni uwezo wa kupitisha alama: kitu kikitiwa alama hapa, alama hiyo ionekane kule kinakoelekea. Virusi hujitia alama vyenyewe, kwa makosa madogo ya kunakili yanayorithiwa kizazi hadi kizazi. Hapo ndipo kisa cha Kitum kinaponoga. Virusi vya mgonjwa wa 1980 na vile vya kijana wa 1987 viliposomwa, vilikutwa vinatofautiana kwa zaidi ya sehemu moja katika kila tano za maandishi yake. Vile vya pili leo vinahesabiwa kuwa aina nyingine, Ravn. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema: basi chanzo si kimoja, na pango halina hatia. Kumbe pale Kitaka popo wa mgodi ule ule mmoja walikutwa na aina zote mbili. Alama ziliwaongoza watafiti hadi kwa popo, na zikawaonya pia kwamba popo hao ni ukoo mpana unaotembea kati ya mapango mengi, wala si bomba moja linalomwaga maji ya aina moja. Hesabu ya wagonjwa wawili isingeweza kutupa hilo hata tungeirudia mara mia.

Sasa pingamizi lenye nguvu zaidi, na nalileta mimi mwenyewe kabla halijaletwa na msomaji. Je, hoja hii haiwi kichaka cha kujifichia? Mganga ambaye dawa yake haikuponya atasema kipimo hakikuwa na nguvu za kuona uponyaji. Mkurugenzi wa mradi ulioshindwa atasema matokeo yako njiani. Kama kila ukimya una udhuru, hakuna dhana itakayokufa, na sayansi ambayo haiui dhana imegeuka kuwa baraza la kahawa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na dawa yake imo ndani ya hoja yenyewe: upana wa njia hupimwa, na hutangazwa kabla ya jibu kutoka. Anayesema kipimo chake kingeweza kuona anawajibika kueleza kingeona nini, kwa ukubwa gani, na angekubali nini kama kushindwa. Ukimya wa kipimo chenye nguvu ni habari nzito, na lazima umeze machungu yake. Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu ulifanyika Bungoma.

Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014, wajawazito 8,246 waliandikishwa katika vijiji vya kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, katika jaribio lililoitwa WASH Benefits. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vilipata dawa ya maji: vitoa-klorini vilivyofungwa kando ya visima na chemchemi, pamoja na chupa za klorini za kutumia nyumbani. Vingine viliboreshewa vyoo, vikapewa vibao vya sakafu ya choo, vyungu vya haja vya watoto na vijiko vya kuzolea kinyesi uani. Vingine vilipata mahali pa kunawia, vibuyu chirizi viwili, kimoja cha maji na kimoja cha maji ya sabuni, vinavyomiminwa kwa kukanyaga kijiti kwa mguu, mikono isiguse chochote. Kuna waliopata vyote vitatu kwa pamoja, kuna waliopata ushauri wa lishe na virutubisho vya mafuta kwa watoto wa miezi 6 hadi 24, na kuna waliopata vyote hivyo pamoja na lishe. Wengine hawakupata chochote zaidi ya kupimwa, ili wawe kundi la kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto waliopata lishe walirefuka zaidi kidogo. Maji, vyoo na kunawa, kila kimoja peke yake au vyote kwa pamoja, havikurefusha watoto, na wala havikupunguza kuhara. Katika vijiji vilivyopewa na visivyopewa, zaidi ya robo ya watoto waliripotiwa kuwa walihara katika siku saba zilizotangulia kuulizwa.

Matokeo haya yaliwashtua wengi, na wapo waliokimbilia kutafuta kasoro. Nawasihi wasikimbie hivyo. Jaribio la ukubwa huu lilikuwa na masikio ya kutosha. Kama kifurushi hicho, kilichopelekwa kwa namna ile, kingepunguza kuhara kwa kiasi cha kumfaa mzazi, tofauti ingesikika. Ukimya wake una maana na ni mchungu: ulisema kwamba kugawa vifaa hivyo na kutuma mhamasishaji takriban mara moja kwa mwezi hakukutosha kubadilisha afya ya mtoto wa kijijini kwa yale yaliyopimwa. Mfadhili aliyekuwa akiahidi kuondoa udumavu kwa ndoo na sabuni alipaswa kukunja jamvi lake.

Lakini kuna wengine waliosoma matokeo hayo hayo na kutamka kwamba maji safi hayana athari kwa afya. Hilo jaribio halikulisema, na hapa ndipo swali la njia linapotuokoa tena. Kutoka kwenye chupa ya klorini hadi kwenye kimo cha mtoto kuna mnyororo mrefu: dawa itiwe mtungini, maji hayo ndiyo yanywewe na mtoto, vijidudu vinavyomdhuru viwe vya aina inayokufa kwa klorini, visipate mlango mwingine, kuhara kupungue, na utumbo uliopona ubadilishe chakula kuwa mfupa. Kila kiungo ni njia ya kupitishia athari, na nadharia ya Shannon ina kanuni moja isiyo na huruma: habari iliyopotea katika kiungo kimoja haifufuki katika kiungo kinachofuata. Ukisimama mwishoni mwa mnyororo peke yake, utasikia ukimya ule ule, iwe umekatika mwanzoni, katikati au mwishoni. Na ushahidi wa katikati upo. Klorini ilikutwa katika maji ya sehemu tu ya kaya zilizopewa, na sehemu hiyo ilizidi kupungua mwaka wa pili. Nchini Bangladesh, jaribio ndugu ambalo wahamasishaji wake walizitembelea familia mara nyingi zaidi lilipunguza kuhara. Hata penye dawa, kuna vimelea kama kriptosporidi ambavyo klorini ya mtungini haiviui. Na kinyesi cha watoto kilipopimwa maabara, vijiji vilivyotibu maji vilikutwa na maambukizi machache zaidi ya minyoo ya askaris, ingawa Giardia haikutikisika. Kiungo kimoja, basi, kilipitisha kitu. Kilichokaa kimya ni kumbukumbu ya mzazi kuhusu wiki iliyopita, na urefu wa mtoto kwenye ubao.

Mwaka 2021 wachumi wanne, akiwemo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019 kwa kazi ambayo sehemu yake ilifanyika jirani yetu Busia, waliifungua tena data ya jaribio hilo na kuhesabu vifo. Walikuta vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vichache kwa asilimia 63 katika kaya zilizopewa dawa ya maji. Mimi siichukui asilimia hiyo kama msahafu. Jaribio halikupangwa kwa ajili ya vifo, vifo vilikuwa vichache, na idadi ndogo huyumba kwa bahati. Lakini inafaa kuangalia ni kipimo gani kilikaa kimya na kipi kilinena. Mama anaweza kusahau kama mtoto alihara Jumanne au hakuhara; kifo hakisahauliki. Vyombo viwili vya kusikilizia, vijiji vile vile, majibu mawili. Atakayetaka kuitetea asilimia hiyo itambidi aonyeshe kiungo: watoto hao waliepushwa na kitu gani hasa, kama si kuhara?

Wapo watakaoniuliza kwa nini nahangaika na viungo na alama ilhali jaribio la kura ndilo kipimo cha juu kabisa cha sababu. Historia ya tiba, watasema, imejaa simulizi tamu za namna dawa inavyofanya kazi mwilini, na dawa zenyewe zikawa sumu. Kumtoa mgonjwa damu kulikuwa na maelezo mazuri kwa karne nyingi. Nakubali, na ndiyo maana sitaki simulizi peke yake. Mwaka 2007 Federica Russo na Jon Williamson waliandika kwamba katika sayansi ya afya, dai la sababu kwa kawaida huhitaji miguu miwili: ushahidi kwamba kitu hicho kinaleta tofauti, na ushahidi wa namna kinavyoileta. Visa vyetu viwili vinatoka pande mbili za dai hilo. Kitum kulikuwa na alama na hakukuwa na hesabu ya kulinganisha. Hakuna atakayepiga kura nani apelekwe kwa popo. Bungoma kulikuwa na ulinganisho safi, na bila kuchungulia katikati ya mnyororo tusingejua umekatikia wapi. Mguu mmoja unakubeba hatua chache tu, na kwa kawaida ni hatua zile zinazotosha kufika kwenye mkutano na waandishi wa habari.

Nimetaja mahindi, na huko ndiko hoja hii inakotugusa mfukoni. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Mavuno ya 2023 yakawa mazuri kuliko ya 2022, na tukaambiwa mbolea ndiyo iliyofanya kazi. Huenda. Lakini 2022 ulikuwa mwaka wa ukame na 2023 mvua ilirudi, na hakuna aliyetuonyesha mashamba yaliyopata mvua hiyo bila mbolea hiyo. Geuza upande wa pili, kwa mkulima wa Trans Nzoia aliyepanda kwa mbolea ya DAP na bado akavuna magunia machache, akatangaza kwamba mbolea ya siku hizi haifanyi kitu. Ukimya wa shamba lake unaweza kuwa na sababu tatu zisizofanana hata kidogo. Udongo wake unaweza kuwa na asidi nyingi, kiasi kwamba madini ya alumini na chuma yanaikamata fosfori kabla mzizi haujaipata. Na DAP yenyewe, ikitumika miaka nenda miaka rudi, huongeza asidi hiyo. Mvua inaweza kuwa ilimtoroka mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Au mfuko haukuwa na mbolea ndani, jambo ambalo baada ya kashfa ya mbolea bandia ya mwaka 2024 hakuna anayeweza tena kuliita uzushi wa wakulima. Dawa ya kwanza ni chokaa, ya tatu ni mahakama, na ya pili hainunuliki. Anayetoa dawa moja kwa matatizo yote matatu anakisia tu, na anakisia kwa pesa za mlipa kodi.

Nimeshawasikia maofisa wakidai kwamba kaunti maskini haina nafasi ya falsafa kama hii, kwamba wakulima wanataka mbolea na hawana haja na utafiti. Hesabu inawakana. Kipande cha shamba kisichotiwa mbolea, kingine kilichotiwa chokaa pamoja na mbolea, na kingine chenye mbolea tupu, mistari michache kila kimoja, katika mashamba kadhaa kwa kila wadi yatakayochaguliwa kwa kura, ni gharama ndogo ukilinganisha na bajeti ya ruzuku. Kitale ina kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, mrithi wa kituo kilichowapa wakulima mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, mbegu ambayo nayo iliwashawishi wakulima kwa kusimama ubavuni mwa mbegu walizozizoea. Ujuzi wa kulinganisha si mgeni hapa. Kinachokosekana ni agizo la kuutumia kabla ya kutangaza ushindi.

Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kuanza na mambo machache: kupima asidi ya udongo katika mashamba hayo na kuyabandika majibu kwenye ofisi ya wadi, kuchukua sampuli ya kila shehena ya mbolea inapofika ghalani, kabla haijauzwa, kuandika mvua ya kila wiki, na kutamka mapema, kwa maandishi, ni magunia mangapi kwa ekari yatakayohesabiwa kuwa mbolea imeleta tofauti na ni mangapi yatakayohesabiwa kuwa haikuleta. Hilo la mwisho ndilo watakaloliogopa zaidi. Huku kwetu mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zikianza, kwa hiyo udongo ungepaswa kuchukuliwa Januari au Februari, mashamba yakiwa wazi na maofisa wa kilimo wakiwa bado wana nafasi ya kuyatembelea.